Nyamaza: Niliyojifunza kwa Mpiga Chapa Aliyefariki 1749

Kosa lenyewe lilikuwa la herufi mbili tu: "ha". Karani wa mkutano wetu wa robo mwaka, yaani kundi la makanisa yetu ya eneo hili, aliniletea maandishi ya kijitabu cha ibada ya vijana, na kwenye ukurasa wa saba vijana walikuwa wanaahidi, "Hatutaiacha njia hii." Mimi nikapanga "Tutaiacha njia hii." Nikachapa nakala 600, nikakunja, nikapiga pini, nikazifunga mafurushi ya hamsini hamsini kwa kamba ya katani na kuzipeleka Ijumaa jioni. Jumapili kanisa zima likasimama na kusoma kwa sauti moja kwamba litaiacha njia ya Bwana. Wengi hawakugundua. Mzee mmoja wa safu ya mbele alikatiza katikati ya mstari, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena na kuinamia karatasi. Hadi leo nikifumba macho naiona ile miwani.

Hiyo ilikuwa mwaka 1999. Baba alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, akatuachia duka dogo la kupiga chapa kando ya barabara ya Chavakali kwenda Kapsabet: mashine moja ya kukanyagia mguu kama cherehani kubwa, kisu cha kukatia karatasi, na makabati ya herufi za risasi. Ndugu zake walitaka mashine iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma. Walisema kazi ile ni ya wanaume. Mama alikuwa amekaa kwenye gogo akichambua mboga, hakuinua hata kichwa. Alisema, "Mashine haitoki hapa," akaendelea kuchambua. Leseni ya biashara ikatoka kwa jina lake, na kibao cha mlangoni kikaandikwa herufi ya jina lake la kwanza, R, na jina la baba. Kazi yote nilikuwa nafanya mimi. Wateja walikuwa wakiingia, wananikuta nimepaka wino hadi kwenye viwiko, halafu wananiuliza, "Mwenyewe yuko?" Sitaficha, liliniuma.

Baada ya kile kijitabu, kazi za makanisa zilikauka kwa miezi. Nikapata kibarua cha kujalidi upya vitabu vilivyochakaa vya maktaba ya chuo kimoja, na humo ndani, katika kitabu cha historia ya Marafiki, dhehebu letu la Kikristo, nikakutana na picha ya ukurasa wa mbele wa kitabu cha mwaka 1710. Kilikuwa kitabu cha maandishi ya Margaret Fell, mama tunayemheshimu sana sisi Marafiki, ambao watu wengine hutuita Wakweka. Chini kabisa, mahali ambapo mpiga chapa huweka jina lake, paliandikwa J. Sowle, White-Hart-Court, katika mtaa wa Gracious-Street, London. Maelezo chini ya picha yalisema J. ni Jane, mama mjane mwenye umri mkubwa, lakini aliyeendesha kiwanda alikuwa binti yake, Tace.

Gundi ilikauka kwenye brashi mkononi mwangu.

Tangu siku ile nimesoma kila nilichokipata kumhusu. Sikusoma kama mwanachuo. Nilisoma kama fundi anayemchungulia fundi mwenzake begani. Tace Sowle alizaliwa mwaka 1666. Baba yake, Andrew, alikuwa mpiga chapa wa Wakweka wakati ambapo kuchapa vitabu vyao ilikuwa hatari. Serikali ya Uingereza ilitaka kila kitabu kipate kibali, na idadi ya wenye mitambo London ilikuwa na kikomo. Askari walivunja mlango wa Andrew mara kwa mara, wakaharibu mitambo, wakachukua marundo ya karatasi zilizokwisha chapwa. Huo haukuwa mchezo: mwaka 1664 mpiga chapa mwingine wa London, John Twyn, aliuawa kwa kosa la uhaini kwa sababu ya kitabu alichokutwa akikichapa. Katika nyumba ya namna hiyo ndimo Tace alimojifunza herufi. Dada yake Elizabeth aliolewa na William Bradford, kijana aliyejifunzia kazi kwa baba yao, na mwaka 1685 wakahamia Pennsylvania, Amerika, ambako Bradford alikuwa wa kwanza kuanzisha kiwanda cha chapa. Tace alibaki. Mwaka 1691 alichukua usukani, akiwa na miaka kama 25. Miaka minne baadaye ile sheria ya vibali ikakoma, na mwaka huohuo Andrew akafariki.

Jina lake, Tace, ni neno la Kilatini. Maana yake ni nyamaza.

Nililicheka mwanzoni, kisha nikalipenda. Ibada zetu hapa magharibi mwa Kenya zina nyimbo na mahubiri marefu, lakini Marafiki wa Kiingereza wa enzi hizo walikaa kimya, hata saa nzima, hadi mtu aguswe na Roho ndipo aseme. Kunyamaza kwao kulikuwa kusikiliza. Na mtu anayepanga herufi ndivyo anavyofanya kutwa nzima. Hana neno lake. Ananyamaza ili neno la mwingine lipite mikononi mwake likiwa zima. Mimi nilipoliacha lile "ha" nilikuwa najiimbia moyoni, nikiwaza bei ya rimu ya karatasi na shemeji aliyekuja kukopa.

Nieleze kazi yenyewe, maana wasomaji wengi siku hizi wanajua kompyuta tu. Kabati la herufi lina vijumba vidogo vidogo, na kila kijumba kina herufi yake. Chumba cha "a" ni kikubwa, hasa kwetu Waswahili, maana lugha yetu inakula "a" kama moto unavyokula nyasi. Unashika kijiti cha chuma mkono wa kushoto, unachukua herufi moja moja kwa mkono wa kulia, unazipanga kuanzia kushoto, lakini zimepinduka juu chini na zimegeuka kama kwenye kioo. Kila herufi ina mfereji mdogo tumboni. Kidole gumba kikiupapasa kinajua kama imekaa sawa bila macho kuangalia. "n" ikilala vibaya inageuka "u". "b", "d", "p" na "q" ni ndugu wanne wanaodanganya hata mafundi wazee. Tace alikuwa na mtihani mwingine ambao mimi sina: Kiingereza cha wakati wake kilitumia "s" ndefu inayofanana sana na "f".

Kisha mtambo wake ulikuwa wa mbao, wa kuvuta kwa mkono. Karatasi ililowanishwa kidogo siku iliyotangulia ili ipokee wino. Mtu mmoja alipaka wino kwa mipira ya ngozi iliyojazwa sufu, mwingine akavuta mkono wa mtambo kwa mwili mzima. Wawili waliozoeana walihesabiwa kuchapa karatasi kama 250 kwa saa, na hapo ni upande mmoja tu. Halafu karatasi zinaanikwa kwenye kamba juu kama nguo, na herufi zinasafishwa na kurudishwa moja moja kwenye vijumba vyake. Nikikumbuka kwamba mwaka 1726 nyumba hiyo ilitoa maandishi ya William Penn, Mkweka aliyeanzisha Pennsylvania, yaliyokusanywa pamoja, juzuu mbili kubwa, mgongo wangu huniuma kwa niaba yao.

Je, alizipanga herufi mwenyewe? Ndiyo. Muuza vitabu mmoja wa London, John Dunton, ambaye hakuwa Mkweka, aliandika mwaka 1705 kwamba Tace ni mpiga chapa na muuza vitabu, na tena ni binti wa mwenye kazi hiyo, anaijua biashara yake barabara na ni hodari wa kupanga herufi. Dunton hakuishia hapo. Alisema aliambiwa kwamba Tace hajaolewa kwa makusudi, ili mama yake mzee aendelee kuwa mwenye amri nyumbani.

Niliyasoma maneno hayo dukani usiku. Mama alikuwa amesinzia kwenye kiti karibu na dirisha, kitambaa kimemteleza kichwani.

Mwaka uliofuata, 1706, Tace aliolewa na Thomas Raylton, Mkweka mwenzake, mtu ambaye hakulelewa katika kazi ya chapa. Na hapo ndipo jambo lililonikamata linapoanza. Kwa miaka 15 vitabu vilikuwa vikitoka na jina T. Sowle. Baada ya ndoa vikaanza kutoka na jina J. Sowle, la mama, ambaye alikuwa amepita miaka 70. Mtu wa haraka atasema binti alifutwa. Mimi sioni hivyo. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo mali ya mke ilikuwa mali ya mumewe, lakini mjane alimiliki chake. Jina la Jane lilikuwa ukuta. Nyuma ya ukuta huo kiwanda kilibaki cha akina Sowle, na binti akaendelea kukiendesha. Jane alifariki 1711, na bado jina lake likaendelea kuonekana kwenye vitabu kwa zaidi ya miaka 20, kwa maneno yanayosema vimechapwa na waliorithi haki za J. Sowle. Thomas alifariki 1723. Katika miaka ya 1730, Tace akiwa bibi wa miaka 70 na akiwa amemwingiza jamaa yake Luke Hinde kwenye biashara, ndipo jina lake mwenyewe liliporudi: T. Sowle Raylton. Alifanya kazi hadi alipofariki mwaka 1749, akiwa na miaka 83.

Asubuhi ya pili yake nilikitazama kibao chetu kwa macho mengine. Baba wadogo wangeweza kunibishia mimi, binti asiye na mume wakati ule, kwa kikao kimoja tu cha ukoo. Nani angembishia mjane wa marehemu? Mama alijua alichokuwa anafanya pale kwenye gogo la mboga, na miaka yote hiyo mimi nilidhani ananinyima.

Jambo jingine alilonifunza Tace linahusu masikio. Tangu mwaka 1673 Marafiki wa London walikuwa na kikao cha kila Jumatatu cha kuyapitia maandishi yote yaliyotaka kuchapwa. Hakuna mswada uliofika kwa mpiga chapa wao kabla wazee hawajaupima, na mingine ilirudishwa kwa mwandishi au kuzuiwa kabisa. Na katika viwanda vya chapa vya zamani, anayesahihisha hakukaa peke yake: mtu mwingine alimsomea nakala ya mwandishi kwa sauti huku yeye akifuata kwenye karatasi iliyochapwa. Jicho hupenda kusoma linachokijua. Sikio halina huruma hiyo. Tangu 1999 hakuna kazi inayotoka dukani kwetu bila kusomwa kwa sauti na watu wawili, hata kadi ya harusi. Wateja wenye haraka hununa.

Kile kijitabu nacho tulikirekebisha. Karani, mtu mpole sana, alizunguka makanisani akakusanya nakala 571. Nilichapa mstari sahihi mara 571 kwenye karatasi nyembamba, nikaukata vipande, na mimi na Mama tukakesha siku mbili tukivibandika juu ya ule wa makosa kwa gundi ya unga wa ngano. Nilipojua baadaye kwamba mafundi wa zamani walibandika vipande vivyo hivyo, na kwamba vitabu vya karne ile mara nyingi vilibeba orodha ya makosa ili msomaji asahihishe kwa kalamu, nilitulia kidogo. Nakala 29 hazikurudi. Ziko mahali fulani bado.

Kuna kitu katika vitabu vya Tace ambacho Mswahili anakielewa haraka kuliko Mwingereza. Wakweka walikataa kuziita siku na miezi kwa majina yanayotokana na miungu ya kipagani. Jumapili wakaiita siku ya kwanza, Jumatatu siku ya pili, na miezi wakaihesabu. Wenzao waliwacheka. Sisi hapa tunasema Jumatatu, Jumanne, mwezi wa tatu, mwezi wa nne, na hakuna anayeshangaa. Ila kuna mtego: kabla ya 1752 mwaka wa Waingereza ulianza Machi, kwa hiyo "mwezi wa kwanza" kwenye kitabu cha 1710 ni Machi, si Januari. Nimewahi kumwona mtu akikosea tarehe ya ndoa ya watu kwa sababu hiyo.

Na alichapa maandishi ya wanawake. Hili nalisema kwa moyo wote. Margaret Fell alikuwa ameandika tangu 1666 kutetea haki ya wanawake kuhubiri. Tace akayatoa maandishi ya Fell yamekusanywa, miaka minane baada ya kifo cha mama huyo. Mwaka 1695 alitoa maandishi ya Elizabeth Bathurst, binti aliyefariki akiwa kijana. Mwaka 1708 nyumba yake ikachapa orodha ya John Whiting ya vitabu vyote vya Marafiki, nani aliandika nini na lini. Watu hupita orodha kama hiyo bila kuitazama. Mimi naiona ni kazi ya imani kama mahubiri, maana kitabu kisichoandikwa mahali popote hupotea kama kilivyopotea kile cha nyimbo ambacho baba yangu alikichapa katika miaka ya 1970 na hakuna anayekumbuka hata kichwa chake.

Kiwanda hakikufa naye. Luke Hinde alikiendeleza katika George Yard, kando ya Lombard Street, kisha mjane wake Mary, kisha mwaka 1775 kikaingia mikononi mwa James Phillips, Mkweka kutoka Cornwall. Mwaka 1786 alimchapia Thomas Clarkson insha yake dhidi ya biashara ya watumwa. Tarehe 22 Mei 1787, palepale kwenye kiwanda cha Phillips, watu 12 walikutana kuunda kamati ya kuikomesha biashara hiyo. 9 kati yao walikuwa Wakweka. Na mwaka 1789 Phillips akachapa mchoro wa meli ya Liverpool iliyoitwa Brookes, ukionyesha watu wamelazwa kama kuni. Sheria mpya ya wakati huo iliiruhusu kubeba watu 454. Kabla yake iliwahi kubeba 609. Maelezo ya mchoro yanatoa vipimo: mwanamume mmoja, urefu futi 6, upana inchi 16.

Siku moja nilichora kipimo hicho kwa chaki kwenye sakafu ya duka. Nina kijana anayejifunza kazi, mrefu na mwembamba. Nikamwomba alale ndani ya mistari. Alilala, akanyoosha mikono kando ya mwili, na mabega yake yote mawili yakatoka nje ya chaki. Akabaki amelala anaangalia mabati. "Mama," akaniuliza, "wiki ngapi?" Nikamwambia safari ya bahari ile ilichukua wiki nyingi. Aliinuka, akajipangusa, akaenda nje, na sikumwita hadi aliporudi mwenyewe.

Mchoro ule ulisambazwa kwa maelfu, ukabandikwa kwenye kuta za vilabu na nyumba za watu. Phillips alifariki 1799, miaka 8 kabla Bunge halijaipiga marufuku biashara hiyo. Utumwa wenyewe uliendelea, na kwetu upande huu wa bahari uliendelea muda mrefu zaidi. Ni mwaka 1897 hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria Unguja na Pemba, na mwaka huohuo Marafiki wa Uingereza wakaanzisha misheni Banani, Pemba, kwa ajili ya walioachiwa huru. Miaka mitano baadaye Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi, mwendo mfupi kutoka dukani kwetu. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na wengi wao hawajawahi kulisikia jina la Sowle.

Duka sasa lina kompyuta na mashine ya kisasa. Ile ya baba naitumia kupiga namba za risiti na mistari ya kuchania. Afisa wa leseni huniuliza kila mwaka kwa nini sibadilishi jina, maana Mama amefika miaka 86 na macho yamekwisha. Humjibu kwamba mwenyewe yupo, namwonyesha kiti cha dirishani.

Mwezi uliopita karani wetu mpya, kijana ambaye hakuwa amezaliwa mwaka 1999, alileta kijitabu kilekile cha vijana kichapwe upya. Hakujua. Nilikipanga, nikatoa nakala ya kwanza ya kusahihisha, nikavuta stuli karibu na dirisha. Mama haoni tena karatasi, lakini yale maandishi anayajua kwa moyo, baada ya kuyabandika usiku mbili. Nilisoma polepole hadi ukurasa wa saba.

"Hatutaiacha njia hii," nikasoma.

Mama akainua kidole.

"Rudia hapo," akasema.